Mashamba ya mizabibu ya Alsace ukiwa na watoto wadogo: hatua kwa hatua

Kila ikifika Machi, maswali huanza kuingia kwenye simu yangu. "Dada, ule mkoa wenye ndege korongo juu ya mapaa unaitwaje?" "Watoto wanaruhusiwa kwenye maghala ya mvinyo?" "Sisi hatunywi kabisa, kuna la kufanya kule?" Wanaouliza ni ndugu na marafiki walioko Ulaya, na siku hizi hata wa nyumbani wanaokuja kutembea. Kumjibu kila mmoja peke yake kumenishinda, basi nayaandika yote mahali pamoja.

Mimi ni mtoto wa Dodoma, nimekua nikila zabibu za kando ya barabara, ila sasa naishi ng'ambo ya mto Rhine, upande wa Ujerumani, karibu na Freiburg. Kutoka kwetu hadi Colmar, mji ulio katikati ya mizabibu ya Alsace, mashariki mwa Ufaransa, ni chini ya saa moja kwa gari. Tulianza kwenda mtoto wetu wa pili akiwa bado mgongoni. Leo ana miaka mitatu na kaka yake ana sita. Makosa mengi nitakayokuonya humu nimeyafanya mwenyewe.

Ufaransa ina mikoa mingi ya mvinyo. Kuna Bordeaux, Bourgogne, Champagne na mingine. Kwa watoto walio chini ya miaka minane mimi nachagua Alsace bila kusita, na sababu si mvinyo. Vijiji vyake vimesogeleana. Kutoka Eguisheim hadi Ribeauvillé ni kilomita ishirini na kitu tu, na humo njiani, au mbele kidogo tu ya Ribeauvillé, una korongo, nyani, tai, ngome ya mlimani na vitreni vya kuzungusha wageni. Mtoto akichoka na kimoja, kingine kiko dakika kumi mbele.

Ukilishika jambo moja tu katika haya yote, lishike hili: ghala moja la mvinyo kwa siku, asubuhi, lisizidi saa moja. Siku yetu ya kwanza kabisa tulipanga manne. Katika la pili mkubwa aliuliza kama tunaenda nyumbani. Katika la tatu alijilaza sakafuni mbele ya wageni wengine, akaushika mguu wa meza na hakuuachia. La nne hatukulifika.

Utakachohitaji kabla ya kuanza

Hati kwanza. Anayetoka Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo, Burundi au Rwanda kwa pasipoti ya huko anahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Ufaransa ikiwamo. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Aliye chini ya miaka 6 halipi. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla. Usisubiri hizo 15. Likizo za shule zikikaribia, miadi hujaa. Anayeishi nchi nyingine ya Schengen kwa kibali cha ukaazi anabeba pasipoti na kibali. Anayeishi Uingereza kwa pasipoti ya Afrika Mashariki asidanganyike kwamba kibali cha Uingereza kinatosha: viza anaihitaji. Na mtoto akisafiri na mzazi mmoja, beba barua ya ridhaa ya mzazi wa pili iliyothibitishwa na mwanasheria, pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa.

Vingine:

- Kiti cha mtoto cha gari. Sheria ya Ufaransa inamtaka kila mtoto chini ya miaka 10 akalie kiti kinacholingana na umbo lake.
- Mbeleko au kitenge imara. Kigari cha mtoto kitakusaidia Colmar, lakini vijijini mitaa ni ya mawe na maghala yana ngazi. Mara nyingi kitenge cha mama yangu kimeshinda kigari cha bei kubwa.
- Sweta moja kwa kila mtu, hata Julai. Chini kwenye mapipa ni nyuzi 12 hivi, na mtoto aliyetoka juani na jasho hutetemeka upesi.
- Kofia, chupa za maji, na nguo za kubadilisha mara mbili ya unavyodhani.
- Sarafu za euro kwa vyoo na maegesho.
- "Bonjour." Sitanii. Ukiingia dukani au kwa mkulima ukaanza na swali bila salamu, umeshakosea, kama vile ungeingia kwa mzee wa kwetu bila kupiga hodi. Wafundishe na watoto. Kamtoto kakisema bonjour, milango hufunguka.

Hatua ya 1: Chagua majira

Katikati ya Mei hadi mwisho wa Juni ndiyo chaguo langu la kwanza. Makinda ya korongo yako kiotani, mizabibu imechanua majani, na joto bado lina huruma. Septemba mapema ni chaguo la pili, maana mavuno yanaanza na watoto wanaona matrekta membamba yakipita na matela ya zabibu. Tofauti na Dodoma tunakovuna mara mbili kwa mwaka, hawa huvuna mara moja, kwa hiyo wiki hizo mkulima hana muda wa kupiga soga nawe.

Agosti epuka kama unaweza. Safu za mizabibu hazina kivuli na joto linaweza kuvuka nyuzi 35. Desemba vijiji vinameremeta kwa masoko ya Krismasi, lakini umati ni mkubwa kiasi kwamba kigari hakisogei, na bustani za wanyama zimefungwa.

Hatua ya 2: Panga nyumba moja, usihamehame

Barabara ya Mvinyo ya Alsace ilizinduliwa mwaka 1953 na inakwenda kilomita 170 hivi, kutoka Marlenheim kaskazini hadi Thann kusini. Wageni wengi hutaka kuimaliza, kila usiku hoteli nyingine. Kwa watoto hilo ni adhabu. Panga nyumba moja kwa siku nne hadi saba, mwende na kurudi.

Kama huna gari, kaa Colmar mjini, karibu na stesheni. Mabasi ya vijijini yapo ila ni machache, na Jumapili ni machache zaidi. Kama una gari, tafuta gîte, yaani nyumba ya kupanga ya likizo, Eguisheim au Kaysersberg. Nyingi ni za wakulima wenyewe, na watoto wakiamka wanaona pipa na trekta uani. Majira ya joto hupangishwa kwa wiki, Jumamosi hadi Jumamosi.

Kabla hujalipa, uliza mambo manne: mashuka yamo kwenye bei (mara nyingi hayamo), kuna kitanda cha mtoto, ngazi zina kizuizi, na ua umefungwa upande wa barabara. Kuna pia kodi ndogo ya kila usiku ya mgeni, ambayo walio chini ya miaka 18 hawalipi. Usidhani umeibiwa ukiiona kwenye risiti.

Hatua ya 3: Fika bila kuwachosha

Mkitua Paris uwanja wa Charles de Gaulle, tafuta TGV, treni ya mwendo kasi, inayoondokea palepale uwanjani hadi Strasbourg bila kupita mjini. Kuvuka Paris na masanduku, kigari na mtoto mwenye usingizi ni mtihani usio na sababu. Strasbourg hadi Colmar ni nusu saa kwa treni ya mkoa. Kutoka Paris mjini treni huondokea Gare de l'Est, na baadhi hufika Colmar moja kwa moja kwa saa mbili na nusu hivi.

Mkitua Basel-Mulhouse, soma hapa mara mbili. Uwanja ni mmoja, umejengwa kwenye ardhi ya Ufaransa, lakini una upande wa Ufaransa na upande wa Uswisi, na kila upande una ofisi zake za kukodi magari. Bei ni tofauti, na gari la upande wa Uswisi hurudishwa upande wa Uswisi. Mimi niliwahi kukodi upande mmoja na kutokea upande mwingine na watoto wawili wanaolia. Tena kampuni haikuwa na kiti cha mtoto nilichokilipia. Tangu siku hiyo nasafiri na kiti changu. Mashirika mengi ya ndege hukibeba bure, ila thibitisha na la kwako.

Wa kutoka Freiburg kama sisi mnavuka Rhine pale Breisach na kunyoosha moja kwa moja. Barabara kuu ya A35 inayopita Alsace haina malipo.

Hatua ya 4: Omba miadi kwa mkulima mmoja kwa siku

Alsace imejaa wakulima wadogo wanaolima, kukamua na kuuza wenyewe. Hao ndio unaowataka. Nyumba kubwa zenye mabasi ya watalii hazina subira na mtoto anayeuliza kwa nini pipa lina mlango.

Andika barua pepe siku tatu au nne kabla, au mwombe mwenye nyumba yako akupigie. Maneno haya yananitosha:

"Bonjour, nous sommes deux adultes et deux enfants de 3 et 6 ans. Est-il possible de visiter la cave jeudi à 10h00 ? Avez-vous du jus de raisin pour les enfants ?"

Yaani: sisi ni watu wazima wawili na watoto wa miaka 3 na 6, tunaweza kuona ghala Alhamisi saa nne asubuhi, na mna juisi ya zabibu kwa watoto? Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tujihadhari hapa. Saa nne ya asubuhi iandike 10h00. Shemeji yangu aliandika 4h00 na akajibiwa kwa ustaarabu kwamba muda huo familia yote itakuwa imelala.

Kama hamnywi, sema mapema, bila haya: "Nous ne buvons pas d'alcool, mais nous aimerions visiter." Uliza kama kuna malipo ya kutembezwa. Desturi ni kwamba anayeonja hununua walau chupa moja mbili. Asiyekunywa hununua juisi ya zabibu. Nami nimeona mkulima akimchangamkia mgeni asiyekunywa kuliko mlevi wa bure, kwa sababu aliuliza habari za udongo na kupogoa.

Hatua ya 5: Ndani ya ghala

Anzeni choo, ndipo mshuke ngazi. Mshike mkono, sakafu huoshwa kila mara na huteleza.

Mpe mtoto kazi. Wetu tuliwapa ya kuhesabu mapipa, na mkubwa alifika 17 kabla hajavutwa na kitu kingine. Mapipa ya zamani ya Alsace ni makubwa, ya mviringo wa yai, mengine yamechongwa sura za watu na zabibu upande wa mbele. Chini kabisa kuna kimlango kidogo. Zamani, na kwingine hata leo, mtu alijipenyeza kwa kimlango hicho kwenda kusugua ndani, akitanguliza mkono mmoja na kichwa. Mkulima aliyetupokea alimwonyesha mtoto wangu namna bega linavyopita, kisha akammulikia ndani kwa tochi: kuta zilikuwa zikimetameta kwa chembe ngumu za chumvi ya zabibu, kama sukari guru iliyoganda. Mpaka leo anaziita almasi. Riquewihr kuna pipa moja la mwaka 1715, kwa familia ya Hugel, ambalo bado linatiwa mvinyo. Ukimwambia mtoto kwamba pipa hilo ni kuukuu kuliko babu wa babu wa babu, analitazama kwa adabu.

Wakati wa kuonja, watoto wapewe juisi yao kwenye glasi kama za wakubwa. Ndoo ya kutemea ipo mezani, na watoto wataipenda kuliko kitu chochote siku hiyo. Wetu walitema juisi nzuri kabisa, kwa zamu, huku mkulima akicheka. Nawe dereva tema kweli. Kiwango cha pombe barabarani ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na 0.2 kwa mwenye leseni mpya. Kumwonjesha mtoto "kidogo tu kwenye kidole" usijaribu. Sheria inakataza kumpa pombe aliye chini ya miaka 18, na utamtia mkulima mashakani.

Maonyo mawili ya msimu wa mavuno, nayo ni mazito.

La kwanza ni hewa. Juisi ya zabibu ikichacha hutoa kabonidioksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa, na hutuama chini, palepale kilipo kichwa cha mtoto wa miaka mitatu. Septemba na Oktoba mtoto asitangulie kushuka ghalani, asijifiche nyuma ya mapipa, na msiingie mahali mkulima hajaingia kwanza. Akisema leo hatushuki, msishuke.

La pili ni vin nouveau, mvinyo mpya ulioanza kuchacha juzi. Huuzwa barabarani wakati wa mavuno, ni mtamu, una ukungu, unafanana na juisi kabisa. Kizibo chake hakifungwi sawasawa kwa sababu gesi inapumua, na ukiulaza kwenye buti la gari utaujua. Mimi niliununua nikidhani juisi na nilikuwa tayari nimemimina kikombe cha mtoto pale harufu iliponishtua. Neno la kutafuta ni "jus de raisin", na swali la kuuliza ni "sans alcool ?"

Hatua ya 6: Kula kwa saa yao

Chakula cha mchana ni saa sita hadi saa nane. Ukifika mgahawani saa nane kasorobo, jiko limeshafungwa, na hapo hakuna wa kukuonea huruma hata mtoto alie vipi. Ondoka kwa mkulima saa tano, uwe mezani saa sita kamili. Mikahawa mingi hufunga Jumatatu au Jumanne, kwa hiyo piga simu. Omba "une chaise haute" kwa kiti kirefu cha mtoto na "une carafe d'eau" kwa jagi la maji ya bomba, ambalo ni bure.

Kwa wasiokula nguruwe na wasiotumia pombe, vyakula vya Alsace vina mitego mingi:

- Tarte flambée ni unga uliosukumwa mwembamba kama chapati ya maji, ukapakwa krimu na vitunguu na kuokwa kwenye moto mkali. Watoto huimaliza. Lakini juu yake huwekwa vipande vya nguruwe. Sema "sans lardons", na waulize kama huinyunyizia baadaye au imeshaandaliwa.
- Soseji ya menyu ya watoto, knack, kwa kawaida ni ya nguruwe.
- Baeckeoffe huchanganya ng'ombe, kondoo na nguruwe waliolazwa kwenye mvinyo mweupe. Kitu chochote chenye "au riesling" jina limeshakueleza: riesling ni mvinyo mweupe.
- Keki ya kougelhopf huwa na zabibu kavu ambazo huenda zimelowekwa kwenye pombe ya kirsch. Uliza.

Salama zaidi ni samaki truite wa lozi, spaetzle (tambi fupi za mayai) na uyoga, au bretzel (mkate wa chumvi uliosokotwa) na matunda. Wenye kutaka halali, migahawa na bucha mtazipata kirahisi Colmar, Mulhouse na Strasbourg kuliko vijijini. Sisi hupika asubuhi wali na kuku, tukabeba kwenye hotpoti. Tumekula pilau tukitazama ngome ya Haut-Koenigsbourg na hakuna aliyetufukuza.

Hatua ya 7: Alasiri ni ya watoto

Mkubali kwamba baada ya saa nane mchana mvinyo umekwisha. Chagua kimoja:

Korongo wa Hunawihr. Katika miaka ya 1970 Alsace nzima ilibaki na jozi zisizofika 10 za korongo weupe, ndipo kituo cha kuwarudisha kikaanzishwa hapa mwaka 1976. Leo wako kila mahali. Wapo pia fisi-maji na hamsta wa porini wa Alsace. Hawa korongo wa huku hupita Gibraltar kwenda Afrika Magharibi, na wengi siku hizi huishia Hispania. Wale wanaoshuka hadi mbuga zetu za Afrika Mashariki ni ndugu zao wa Ulaya ya mashariki. Wenyeji huwaambia watoto kwamba korongo ndiye huleta vichanga, na anayetaka mdogo aweke sukari dirishani. Wetu waliweka. Baba yao aliiondoa usiku.

Nyani wa Kintzheim. Nyani wapatao 200 wasio na mkia, wa asili ya Moroko na Algeria, wanatembea huru kwenye msitu wa hekta 24. Ficha chakula. Si mbali na hapo, kwenye magofu ya ngome, tai na tumbusi huruka juu ya vichwa vya watazamaji. Mtoto mwoga mkalishe nyuma.

Ngome ya Haut-Koenigsbourg, mita zaidi ya 700 juu ya usawa wa bahari. Iliteketea mwaka 1633 na ikajengwa upya kati ya 1900 na 1908. Ngazi ni nyingi, kwa hiyo kigari kiache kwenye gari na ufunge mbeleko.

Colmar penyewe: mashua bapa za mtoni, makumbusho ya vichezeo vya watoto, na sanamu ya Uhuru ya mita 12 kwenye lango la kaskazini la mji, kwa kuwa Bartholdi aliyeichonga ile ya New York alizaliwa hapa mwaka 1834. Wa kwanza kuiona ndiye anachagua aiskrimu.

Kaysersberg ni kwa ajili ya wazazi zaidi. Ndipo alipozaliwa Albert Schweitzer mwaka 1875, yule daktari aliyekwenda Lambaréné, Gabon, mwaka 1913. Hadithi yake inazungumzika kwa njia nyingi, na siku watoto wangu wakikua tutaizungumza. Turckheim nako kuna mlinzi wa usiku anayezunguka na taa akiimba, kila siku Mei hadi Oktoba, lakini ni saa nne za usiku. Sisi tulijaribu mara moja. Walilala wote wawili kabla hajaanza.

Hatua ya 8: Tembeeni shambani

Karibu kila kijiji kina njia ya miguu yenye vibao katikati ya mizabibu. Nenda kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Kilomita mbili zinatosha. Wakati wa mavuno baadhi ya njia hufungwa; heshimu kibao.

Waambie watoto mapema: zabibu hazichumwi. Kwanza ni mali ya mtu. Pili, majani na vishada hupuliziwa dawa, mara nyingi mrututu na salfa, na ile rangi ya samawati unayoiona kwenye majani ndiyo hiyo. Mikono ioshwe kabla ya kula.

Matatizo ya kawaida na namna ya kuyatatua

Mtoto kagoma kushuka ghalani. Usimvute. Mzazi mmoja ashuke, mwingine abaki uani, kisha mbadilishane. Giza na harufu ya chachu vinatisha kweli kwa mtoto mdogo.

Nepi zimekwisha na leo ni Jumapili. Alsace ina sheria zake za zamani ambapo maduka hufungwa Jumapili kuliko sehemu nyingine za Ufaransa, na Ijumaa Kuu na tarehe 26 Desemba pia ni sikukuu huku tu na jirani yake Moselle. Nunua Jumamosi. Ukiwa umeshakwama, mpigie mwenye nyumba, au tafuta famasi ya zamu kwa namba 3237. Mikate haina tatizo, maduka yake hufunguliwa Jumapili asubuhi.

Homa au ajali. Famasi ina msalaba wa kijani, na mfamasia atakusikiliza kabla hujamwona daktari. Jambo la dharura piga 15 kwa daktari wa gari la wagonjwa, au 112 ambayo hufanya kazi Ulaya nzima.

Nyigu. Msimu wa mavuno huzunguka kila glasi tamu. Juisi iwe kwenye chupa yenye mfuniko, na mtoto asinywe kwenye kopo asiloliona ndani.

Kupe. Misitu ya milima ya Vosges inao, na huambukiza ugonjwa wa Lyme. Jioni mkague mtoto nyuma ya masikio, kwapani na nyuma ya magoti. Famasi huuza kifaa cha kumng'oa. Kupe usimpake mafuta wala kumchoma. Wekundu ukitanuka kama duara siku za baadaye, nenda kwa daktari.

Mvua imewanyeshea. Kuna kijiji cha Gertwiller chenye mikate ya tangawizi na makumbusho yake, na Mulhouse kuna makumbusho makubwa ya treni. Au Strasbourg, kwenye kanisa kuu, mitume kumi na wawili hutoka kwenye saa ya kale saa sita na nusu mchana.

Mmenunua chupa na mnarudi kwa ndege. Ziende kwenye sanduku la chini, zimeviringishwa kwenye nguo chafu za watoto, ambazo hazitapungua. Chupa za Alsace ni ndefu na nyembamba, basi pima urefu wa sanduku kabla hujanunua.

Mmefika kwa nyani na wote wamelala kwenye gari. Msiwaamshe. Egesha kivulini, fungua madirisha, mmoja wenu asitoke ndani ya gari, na mwingine akanunue kahawa mbili.